Nyuma ya Televisheni

Mume wangu ameleta televisheni. Si ya maana sana, ni zile bapa za bei poa zinazopangwa mlangoni mwa maduka ya hapa Kasulu mjini, na muuzaji, kijana mwenye asili ya Tanga na maneno matamu, alimwapia wallahi kwamba picha yake haina mfano. Tumeiwasha, watu wote wana nyuso za kibuluu kama wamelala na njaa. Baba Neema kashika rimoti, anapandisha mwanga, anashusha rangi, anarudi nyuma, anakunja jicho. "Ngoja, nitaipata tu," anasema. Na mimi, bila hata kufikiri, nilishainuka. Nikafunga dirisha la kwanza, nikafunga la pili, nikashusha pazia.

"Vizuri," akasema. "Mwanga ndio unaoharibu."

Chumba kilipoanza kupata joto na ile harufu ya vitambaa na vumbi la mchana uliofungiwa ndani ikanipanda puani, nilijikuta nimesimama nyuma ya televisheni, mkono umeinuka, natafuta waya. Hizi za siku hizi hazina hata nyuma, jamani. Neema akauliza, "Mama, unatafuta nini huko?" Nikamwambia natafuta soketi.

Nyumba yetu ilikuwa Kibondo, pembezoni mwa mji, matofali ya udongo na bati juu. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama ni Mha wa Gwarama, mwanamke wa kazi na wa maneno machache. Wa nne kwenye nyumba alikuwa mama yake Baba, ambaye ndani tulimwita Nyogokuru, kama wanavyowaita bibi zao huko Burundi, na nje tulimwita Bibi. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama. Ndani ya nyumba Nyogokuru aongee Kirundi chake apendavyo, lakini ukivuka kizingiti hakuna wa kumjibu kwa lugha hiyo. Mgeni wa mbali anaweza asitofautishe Kirundi na Kiha, lugha zenyewe ni ndugu, lakini jirani yako Mha akisikia neno moja tu anajua huyu katokea ng'ambo.

Nyogokuru alivuka kuja huku akiwa mama kijana, wakikimbia vita. Baba alikuwa mgongoni, kachanga. Mkubwa wake, Nestori, alikuwa anatembea, ameshikwa mkono. Pale mtoni watu walisukumana, na mkono ukachomoka. Hivyo ndivyo alivyosimulia siku zote, hakuongeza, hakupunguza: mkono ukachomoka. Alipofika upande huu alikuwa na mtoto mmoja.

Kwa hiyo Baba alikulia Kibondo, akacheza Kibondo, akaoa Kibondo, na Kiha chake huwezi kukitofautisha na cha Mama. Ila hakuwa na karatasi yoyote inayosema yeye ni wa hapa. Na miaka ile kulikuwa na maneno ya msako. Mara utasikia fulani kachukuliwa sokoni, mara fulani kapandishwa lori na kupelekwa mpakani, mke wake kabaki na sufuria jikoni. Sijui habari ngapi zilikuwa kweli na ngapi zilikuwa za vijiweni. Ninachojua ni kwamba Mama akisikia muungurumo wa lori anaacha anachofanya, na harudii mpaka lori lipite.

Ndipo ikaingia televisheni. Baba aliachiwa na mteja wake mmoja, mfanyakazi wa miradi aliyekuwa anahama. Ilikuwa ndogo, yenye chogo kubwa nyuma, ya picha nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari. Baba akachonga mlingoti wa mti, akafunga antena juu, akaielekeza kwenye barabara ya Kasulu kama alivyoelekezwa. Tukakaa wote kwenye mkeka, tukawasha, tukaona chenga. Mistari myeupe inashuka, inashuka, na sauti ya shaaa kama bati linavyopigwa na masika. Mimi nilifurahi sana. Nilidhani tunaangalia mvua.

Tuliangalia hiyo mvua siku nyingi. Ndani yake kwa mbali kulikuwa na kivuli cha mtu anasoma habari, maskini, nikamwonea huruma analowa. Kisha Jumapili moja upepo ukaupiga mlingoti, ukazunguka wenyewe ukaangalia milima ya machweo, upande wa Burundi, na ghafla mvua ikakata. Likaonekana kanisa. Padri, mishumaa, kina mama wamejifunga vitenge, nyuso safi kabisa hadi unaona meno. Wakaanza kuimba, kwa Kirundi. Nyogokuru alikuwa pembeni anachambua maharage, mgongo ameupa televisheni, maana aliidharau. Aligeuka ungo ukamponyoka.

"Iwacu," alisema. Kwetu.

Baba akakimbilia kupunguza sauti. Mama akakimbilia dirisha.

Usiku ule, au pengine ni kesho yake, niliwasikia jikoni wanabishana kwa kunong'ona, na watu wanaonong'ona kwa hasira wanasikika kuliko wanaopiga kelele. Mama alisema antena iko juu ya paa, inaonekana na mtaa mzima, kila anayepita atajua macho ya nyumba hii yako wapi. Baba akasema, "Mama yangu anatafuta mtoto wake."

"Na mimi natafuta wangu wasikose baba," Mama akamjibu.

Wakakubaliana hivi, na makubaliano hayo ndiyo yaliyokula Jumapili zangu za utoto. Antena itaangalia Kasulu siku zote. Jumapili tu, tukishatoka misa ya kwanza, itageuzwa kwa muda wa ile misa ya kwenye televisheni, kwa sababu katika misa wanaonyesha watu. Nyogokuru ataangalia nyuso. Sisi wengine tutashika nafasi zetu.

Nafasi ya Baba ilikuwa nje, chini ya mlingoti, ameshika koleo na kipande cha waya ili anayepita aone anatengeneza kitu. Nafasi ya Mama ilikuwa uani, kwenye njia ya kuingilia, na beseni la mihogo ya kumenya. Akitokea mtu, Mama anaanza salamu. Na salamu ya Kiha mnaijua, haina mkato. "Mwakeye!" Mwakeye. Anapiga makofi taratibu, anainama, anauliza mmeamkaje, watoto je, wazee je, ng'ombe je, mihogo imekubali, mvua huko kwenu vipi. Kila swali lina jibu, na kila jibu lina kofi lake, na mgeni mwenye adabu hawezi kuruka hata moja. Mama aliweza kumweka mtu pale njiani mpaka jasho limtoke. Muda huo Baba ameshauzungusha mlingoti, antena inaangalia Kasulu kwa heshima zote. Watu walimsifu Mama kwamba ana malezi mema, mwanamke anayesalimia hivyo siku hizi hayupo. Mama aliinamisha kichwa akashukuru.

Nafasi yangu mimi ilikuwa nyuma ya televisheni.

Ile televisheni, hata ikiangalia machweo, picha haikutosha kwa kazi ya Nyogokuru. Kuona kwamba kuna watu, sawa. Kujua huyu ni nani, hapana. Basi tulifanya kila kitu. Baba alifunga mfuniko wa sufuria kwenye antena. Betri ilipelekwa kuchajiwa Jumamosi, maana ikichoka picha inajikunja kutoka pembeni na watu wanakuwa wembamba. Kioo kilifutwa kwa kitambaa kibichi, halafu kikavu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili giza liipe picha nguvu, na ili sauti isitoke, na ili mtu asichungulie. Na iligundulika, sijui nani aligundua, nadhani mimi mwenyewe kwa uchokozi wangu, kwamba ule waya wa antena unapoingia kwenye chogo, ukishikwa na mtu, picha inang'aa. Alijaribu Baba, akajaribu Mama. Kidole changu ndicho kilichofaa zaidi, tena kikiwa na mate.

"Hapo hapo!" Nyogokuru alipaza sauti. "Usiachie, mwana wanje, usiachie!" Mwana wanje, yaani mwanangu.

Basi nikawa sehemu ya antena. Jumapili baada ya Jumapili, wenzangu wako nje wanaruka kamba, nawasikia, wananiita jina, Mama anawaambia naumwa kichwa. Nilikuwa mtoto wa kuumwa kichwa mtaa mzima. Mimi niko kwenye kona, kati ya ukuta na chogo la moto, bati juu linatoa sauti za joto, mablanketi yananuka moshi na mkojo wa mdogo wangu wa tumboni aliyekuja baadaye, hapana, huo ulikuwa wangu mwenyewe wa zamani, tuseme ukweli. Vumbi linaungua ndani ya televisheni. Maji ya betri yanachoma pua. Nikitaka kukojoa, nasubiri wamalize komunyo. Nikiwashwa, najikwaruza kwa bega. Na picha yenyewe siioni! Nilikuwa ninaona uso wa Nyogokuru tu, mwanga mweupe umeupiga, midomo inatembea, macho yanaruka kutoka kushoto kwenda kulia anapopitisha wale watu mmoja mmoja. Niliijua misa ile kwa uso wake. Kamera ikienda kwa padri, anapumua. Ikirudi kwa waumini, anaacha kupumua.

Mimi nilikuwa na Nestori wangu. Kwa kuwa nilimjua kama mtoto aliyechomoka mkononi, kichwani mwangu alibaki mtoto, wa kimo changu, amesimama mahali fulani ndani ya ile mvua ya chenga anasubiri. Niliamini nikishika waya vizuri mvua itakata kabisa, atatuona, atatoka. Nikiachia, atalowa. Kwa hiyo nilimhurumia, na wakati huo huo nilimchukia. Nilimwambia kimoyomoyo, toka basi, wewe, toka tukacheze.

Halafu ikafika Jumapili ambayo nusura tupatikane. Alikuja mjumbe wa mtaa, mzee mwenye fimbo na kofia ya pama, akapitia shambani nyuma ya nyumba badala ya njiani, Mama hakumwona. Akamkuta Baba mlingotini. Nikamsikia anauliza, "Fundi, mbona antena yako inaangalia kule?" Baba akacheka, akasema upepo. Mzee akasema, "Upepo wa Jumapili tu?" Naye akacheka. Wakacheka wote wawili muda mrefu, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile.

Mzee alipoondoka, Mama aliingia ndani, akaketi kwenye mkeka na mihogo yake, akashindwa kumenya. Hakumwambia Nyogokuru neno, hakuwahi kumkosea adabu hata siku moja. Alimwambia Baba, lakini nyumba ilikuwa ndogo: "Wakikuchukua, mimi sitakuwa na hata mahali pa kukutafuta. Sina televisheni ya kukuonea."

Siku moja wiki ile tunaanua mahindi, Nyogokuru akanishika kile kidole changu, akakigeuza geuza kama anayetafuta mwiba. Akaniuliza, "Unachoka kushika waya?"

Nikamwambia ndiyo, nachoka. Nilikuwa mtoto, niliulizwa, nikajibu.

"Na joto?"

"Na joto."

"Na wenzako wanacheza."

"Kila Jumapili, Nyogokuru."

Akasema, "Ego." Ndiyo yake ya Kirundi, ile fupi. Tukaendelea na mahindi.

Jumapili iliyofuata tulishika nafasi zetu. Mama alikuwa hataki, Baba alimwomba, ya mwisho, ya mwisho. Mablanketi juu, kidole kwenye mate, mate kwenye waya. Misa ilikuwa imeanza, nawaona watu wanavyopita kwenye uso wa Nyogokuru. Kisha nje nikasikia Mama kapaza sauti: "Mwakeye, mzee! Mwakeye!" Ni mjumbe tena, safari hii kwa njia ya mbele. Makofi yakaanza. Watoto je, mke je, yule ng'ombe aliyekuwa anaumwa je. Nikasikia mlingoti unalia kwenye shimo lake. Na shaaa ya mvua ikajaa chumbani, ndogo, ya sauti ya chini. Nikasubiri Nyogokuru alalamike kama kawaida yake. Kila mvua iliporudi alipiga paja na kuitukana televisheni mpaka Baba alipogeuza tena.

Hakulalamika. Aliangalia kioo. Halafu akainuka kwenye mkeka, akasogea mpaka uso wake ukawa mweupe wote, akagusa kioo.

"Huyu hapa," akasema. "Nestori."

Nikataka kuzunguka nione, akaninyooshea mkono, "Usiachie!" Nikabaki. Nikamuuliza, analowa? Akasema halowi, amevaa koti, koti zuri la kijani, limemkaa vizuri. Ana mvi. Amenenepa kidogo. Ana mtoto pembeni amemshika mkono. Aliniambia hayo taratibu, kama mtu anayesoma, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Nikasema, "Mshike, Nyogokuru!" Akasema hapana, yuko kwake, ameshiba, tumwache amalize misa yake.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Akaizima televisheni yeye mwenyewe, yeye aliyekuwa anaogopa hata kuigusa. Akaniambia, "Achia sasa." Nikaachia. Akaenda dirishani, akang'oa blanketi na misumari yake, jua likaingia likanipiga machoni nikashindwa kuona. Akatoka nje, mbele ya mjumbe, akainama, akapiga makofi, akamsalimia kwa Kiha kizuri mpaka mzee akavua kofia. Akamwambia Mama kwa sauti ya kusikika, "Fungua madirisha, mkwe wangu. Nyumba inanuka." Mama alibaki na kisu mkononi.

Tulishangilia ndani, kimya kimya, tukipigana mabega. Baba alilia. Nestori yu hai! Nilitoka nikaruka kamba mpaka miguu ikaniuma, na hakuna aliyesema naumwa kichwa. Antena haikugeuzwa tena machweo. Nyogokuru hakuomba tena, na akiulizwa habari za mwanawe mkubwa alikuwa anasema yuko kwao, mzima, ana koti. Baadaye Baba alipata karatasi zake, lakini hiyo ni hadithi ya foleni na kusubiri, haina uhondo.

Tulimzika Nyogokuru mvua hizi za juzi. Siku ya kuanua matanga nilikaa na Baba uani, yeye amezeeka, anashona kiti cha baiskeli ambacho hakina mwenyewe, ili mikono ipate kazi. Nikamwambia angalau aliondoka akijua mtoto wake alipona. Baba akaacha sindano.

"Siku ile nilikuwa nimeshaigeuza," akasema.

"Uligeuza nini?"

"Antena. Mjumbe alipoitika salamu ya kwanza tu, nilishaizungusha. Nilikuwa nimesimama naye hapo, tunaongea, niliposikia mama yangu analitaja jina la kaka. Mle ndani hamkuwa na misa, mwanangu. Zilikuwa chenga tupu."

Nikabisha. Nikasema labda alimwona kabla, labda ilichelewa, labda zile chenga zilikuwa chache. Nikamtajia mvi, nikamtajia mtoto aliyeshikwa mkono, nikamtajia koti la kijani. Nilipolitaja koti mdomo wangu ukasimama wenyewe. Baba aliniangalia kwa upole sana.

"Televisheni ile ilikuwa na kijani?" akaniuliza.

Nyogokuru alizijua chenga kuliko sisi sote. Alizitukana kwa jina. Hakuna namna angezichanganya na uso wa mtu, achilia mbali uso wa mwanawe. Alikaa mbele ya ile mvua akijua ni mvua, akamvalisha koti, akampa mvi na mtoto na shibe, akamuaga. Safari hii mkono haukuchomoka, aliuachia mwenyewe. Alimwacha Nestori ili mimi niachie waya. Na hakumwambia mtu, akakaa na jambo hilo miaka yote ile, anakula nasi, anacheka nasi, na mimi mjinga nilikuwa namwomba anisimulie tena lile koti, naye ananisimulia.

Hayo yote yalinipitia nimesimama nyuma ya televisheni ya Baba Neema, jasho linanitoka. Nikaenda nikafungua pazia, nikafungua dirisha la kwanza, nikafungua la pili.

"Wee Mama Neema! Picha inapotea!"

"Ipotee," nikasema.

Nikamshika Neema mkono, tukatoka nje.